Nasaha Saba za Mzee Aliyekosa Kazi ya Chuo Kikuu

Mjukuu wangu alimaliza shahada yake ya uzamili katika jiografia, na tangu siku hiyo nyumba yetu haina utulivu. Kila jioni huketi barazani na kompyuta yake mapajani, akijaza maombi ya kazi ya uhadhiri msaidizi. Chuo kimoja kinataka barua na wasifu. Kingine kinataka vyeti vyote, kuanzia kile cha darasa la saba. Cha tatu kinataka wadhamini watatu. Na vyote kwa pamoja vinataka uzoefu katika kazi ambayo hakuna aliye tayari kumruhusu aianze.

Jioni moja aliifunga kompyuta hiyo, akaja kuketi mkekani karibu na kiti changu. "Babu," akasema, "wewe umeishi na walimu maisha yako yote. Nipe nasaha. Nifanye nini ili wanichukue?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinikuta mikono mitupu. Mimi ni zao la chuo cha ualimu. Huko nilifundishwa kushika chaki, kuandaa somo na kuandika ubaoni bila mstari kupanda mlima. Baadaye nilipata nafasi ya kusoma shahada nikiwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na mwaka 1983 niliandika barua kuomba kazi ya ukufunzi msaidizi katika chuo kikuu. Jibu halijafika mpaka leo. Kwa miaka miwili nilipita posta kila Ijumaa kuulizia. Kisha nikaona haya kwa sababu karani alikuwa ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nikarudi kwenye vyuo vya ualimu, nikawa mkufunzi, halafu mkuu wa shule, na mwaka 2009 nikastaafu. Kumwomba mtu wa namna hiyo nasaha za kupata kazi ya chuo kikuu ni sawa na kumwuliza mwenye kipara bei ya kitana.

Lakini nilifundisha somo la historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na historia imejaa waombaji wa kazi. Kwa hiyo nilimwambia mjukuu wangu anipe siku tatu. Nilipekua vitabu vyangu, nikamwandalia nasaha saba. Zote zimejaribiwa na watu wakubwa kuliko mimi na yeye. Sikutunga hata moja. Nilichofanya ni kuyageuza masimulizi kuwa maagizo. Wala utani wa aina hii si mgeni katika vyuo. Mwaka 1908 F. M. Cornford, mwalimu wa Cambridge aliyebobea katika maandishi ya Wayunani, alichapisha kijitabu kiitwacho Microcosmographia Academica, cha kumshauri kijana anayetaka kusikilizwa katika vikao vya wasomi. Kwa kifupi, alimwonya kwamba wasomi wana kipaji kikubwa cha kutafuta sababu za kutofanya jambo. Zangu ni hizi.

Nasaha ya kwanza: pima Jehanamu. Galileo Galilei aliacha masomo katika Chuo Kikuu cha Pisa mwaka 1585 bila kupata shahada. Akawa anafundisha hisabati hapa na pale, kama vijana wetu wanavyofundisha masomo ya ziada majumbani kwa watu. Kigoda cha hisabati kilipokuwa wazi katika Chuo Kikuu cha Bologna, akaomba. Mwaka 1588 kigoda hicho akapewa Giovanni Antonio Magini. Mwaka huohuo Galileo alialikwa kuzungumza mbele ya Akademia ya Firenze. Mada yake ilikuwa mahali, umbo na ukubwa wa Jehanamu kama ilivyoelezwa katika utenzi mrefu wa Dante. Galileo hakuchekacheka. Aliingia kazini na hesabu zake kama fundi anayepima kiwanja, akatoka na vipimo vya duara za Jehanamu na vya Ibilisi mwenyewe, ambaye urefu wake ulikaribia dhiraa 2,000. Wakubwa wakapendezwa. Mwaka 1589, kwa msaada pia wa watu waliomfahamu, akapata kigoda cha hisabati kule Pisa, chuo kilekile alichokiacha bila shahada, kwa mshahara mdogo wa skudi 60 kwa mwaka. Kwa hiyo, mjukuu wangu, wewe uliyepima mmomonyoko wa udongo kwa miaka miwili, ulipima mahali pasipo na faida. Udongo hauna wadhamini.

Nasaha ya pili: mwandikie malkia wa nchi iliyowateka. Mwaka 1758 majeshi ya Urusi yaliuteka mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad. Katika chuo kikuu cha mji huo alikuwamo Immanuel Kant, mwenye umri wa miaka 34, aliyekuwa akifundisha bila mshahara wa chuo; alilipwa na wanafunzi waliokuja kumsikiliza, na wasipokuja hakulipwa. Mwaka huo kigoda cha mantiki na metafizikia kikawa wazi. Kwa kuwa mji ulikuwa chini ya Urusi, Kant aliandika barua ya unyenyekevu kwa Elizaveta, malkia wa Urusi, akieleza sifa zake. Kigoda akapewa mwenzake, Friedrich Johann Buck, aliyemtangulia kazini. Kant akasubiri. Mwaka 1764 aliambiwa kuna nafasi ya kufundisha ushairi, akaikataa. Mwaka 1766 akachukua kazi ya msaidizi katika maktaba ya mfalme ili apate riziki. Hatimaye, mwaka 1770, mwalimu wa hisabati alipofariki, Kant mwenyewe aliwapendekezea wakubwa kwamba Buck ahamishiwe kwenye hisabati ili yeye apewe kile cha mantiki. Wakakubali. Akakipata kigoda alichokiomba miaka 12 iliyopita, akiwa anakaribia umri wa miaka 46. Nasaha hii basi ina sehemu mbili. Kwanza andika barua nzuri. Pili, kaa palepale mpaka aliyekushinda achoke au ahamishwe. Ndiyo maana wahenga wakasema mvumilivu hula mbivu, ingawa hawakusema meno yatakuwa yamebaki mangapi.

Nasaha ya tatu: ukishaingia, chagua saa ya yule anayependwa. Arthur Schopenhauer alikubaliwa kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1820. Chuoni hapo alikuwapo Hegel, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa limeenea Ujerumani nzima na ukumbi wake ulijaa. Schopenhauer alimdharau Hegel kwa moyo wote. Alipoulizwa afundishe saa ngapi, akaomba apangiwe saa ileile ya mhadhara mkuu wa Hegel, ili wanafunzi wachague wenyewe kati ya ukweli na upuuzi. Wanafunzi wakachagua. Kwa Schopenhauer walikuja watu wa kuhesabika kwa vidole, na muda si mrefu mhadhara wenyewe ukafa. Kwa miaka mingi aliendelea kuandikwa katika ratiba ya chuo, na viti vyake vikaendelea kukaa vitupu. Bahati yake, marehemu baba yake alikuwa mfanyabiashara na alikuwa amemwachia urithi. Kwa hiyo njaa haikuongezeka juu ya fedheha. Nasaha hii naitoa kwa wale tu ambao baba zao wana maduka. Wewe babako ni mwalimu kama mimi. Omba saa mbili asubuhi.

Nasaha ya nne: oa binti wa mkuu wa chuo, au kwa upande wako, olewa na mwanawe. James Clerk Maxwell alipata kigoda cha fizikia katika Chuo cha Marischal, mjini Aberdeen, Uskoti, mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka 25. Miaka miwili baadaye alimwoa Katherine Dewar, binti wa mkuu wa chuo hichohicho. Hapo mtu yeyote wa kwetu angesema: huyu kijana amekwisha kaa. Mwaka 1860 serikali ikakiunganisha chuo cha Marischal na jirani yake, Chuo cha King's, vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Aberdeen. Vigoda viwili vya fizikia vikawa kimoja. Akabakizwa David Thomson, yule wa chuo cha pili, na mkwe wa mkuu wa chuo akapunguzwa kazini. Maxwell akaomba kazi Edinburgh. Akapewa Peter Guthrie Tait, rafiki yake tangu shuleni. Mwaka huohuo akapokewa katika chuo kingine kiitwacho King's, hiki cha London. Huko ndiko alikoendeleza hesabu za umeme na sumaku zilizoonyesha kwamba mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku. Kila unapowasha redio kusikiliza taarifa ya habari, unatumia kazi ya mtu aliyepunguzwa kazini Aberdeen. Kuoa kwake kulikuwa kwema. Ila hakukumsaidia kitu kwenye orodha ya kupunguzwa.

Nasaha ya tano: mwombe baba akuandikie barua. Hapa mjukuu wangu alicheka kwa mara ya kwanza. Albert Einstein alihitimu katika chuo cha ufundi cha Zürich mwaka 1900, na wenzake walipopata kazi za usaidizi, yeye hakuchukuliwa. Akaandika barua kwa maprofesa wa nchi mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Wilhelm Ostwald, mwanakemia wa Leipzig. Jibu halikuja. Aprili 1901 baba yake, Hermann Einstein, mfanyabiashara ambaye biashara zake zilikuwa zimeyumba, alimwandikia Ostwald kwa siri. Alimwomba radhi kwa ujasiri wa mzazi, akaeleza kwamba mwanawe amevunjika moyo, na akamsihi amwandikie kijana japo maneno machache ya kumtia nguvu, na kama ingewezekana ampatie kazi ya usaidizi. Hakuna jibu linalojulikana. Mwaka 1902 baba wa rafiki yake alimwombea nafasi mjini Bern katika ofisi ya kusajili hataza za uvumbuzi, akaingia kama mtaalamu wa daraja la tatu. Baba yake alifariki mwaka huohuo. Mwaka 1905 karani huyo akachapisha makala zilizobadilisha fizikia. Mwaka 1907 akaomba ruhusa ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Bern, akaambatanisha makala zake 17 zilizokwisha chapishwa. Wakamrudishia maombi kwa sababu hakuleta tasnifu mpya kama kanuni inavyotaka. Mwaka uliofuata akaileta, wakamkubali. Na yule Ostwald asiyejibu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumpendekeza Einstein apewe Tuzo ya Nobel, kwa tuzo ya mwaka 1910.

Niliposoma habari ya barua ya Hermann Einstein niliweka kitabu chini kwa muda. Mimi pia nimewahi kutaka kumwandikia mtu barua kama ile, kwa ajili ya mama wa mjukuu huyu, nikaona aibu.

Nasaha ya sita: zaliwa mwanamume. Emmy Noether alipata shahada ya udaktari wa hisabati kule Erlangen mwaka 1907, kisha akafanya kazi chuoni hapo kwa miaka kadhaa bila mshahara. Mwaka 1915 David Hilbert na Felix Klein, wanahisabati wakubwa wa Göttingen, walimwita kwao. Sehemu ya baraza la walimu ikakataa asipewe ruhusa ya kufundisha kwa kuwa ni mwanamke. Inasimuliwa kwamba baadhi yao waliuliza askari watakaporudi vitani watajisikiaje wakikuta wanafundishwa na mwanamke. Na kwamba Hilbert aliwajibu kuwa chuo kikuu si bafu la kuogea. Kwa miaka minne mihadhara ya Noether ilitangazwa kwa jina la Hilbert, yeye akiandikwa kama msaidizi. Ndani ya miaka hiyo, mwaka 1918, alichapisha nadharia ambayo wanafizikia wanaitumia mpaka leo. Ruhusa akaipata mwaka 1919. Mwaka 1933 serikali ya Wanazi ikamfukuza kwa kuwa ni Myahudi, akaenda kufundisha Marekani, na huko akafariki mwaka 1935. Hapa mjukuu wangu hakucheka. Alisema, "Babu, hiyo siyo ya zamani kama unavyodhani." Nikanyamaza, kwani aliyevaa kiatu ndiye anayejua kinapombana.

Nasaha ya saba: fundisha lugha ya mama yako. Nimeiweka mwisho ingawa kwa miaka inawatangulia Noether na ofisi ya Bern, kwa sababu inatuhusu sisi. Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, ambacho Kiswahili kilikuwa mojawapo ya masomo yake, ili kuwaandaa watu wao kwenda kutawala na kufanya biashara. Mwaka 1900 akachukuliwa huko Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka Bagamoyo, awe msaidizi wa kufundisha Kiswahili chini ya walimu Wajerumani. Nani angekuwa na sifa zaidi yake? Kiswahili alikinyonya. Aliandika sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903. Jina lililowekwa mbele likawa la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Lakini wanafunzi wake walikuwa watu waliojiandaa kwenda kumtawala Mswahili. Baadhi yao hawakuvumilia Mswahili awasahihishe. Akadharauliwa darasani, akalalamika, na malalamiko hayakumsaidia. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani, jambo lililozidisha chuki. Mwaka 1905 kazi yake chuoni ilikwisha. Akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani, na walipofika pwani yetu serikali ya kikoloni haikukubali mume Mwafrika na mke Mzungu waishi katika koloni. Wakarudi Ujerumani. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 alifanya kazi Hamburg, akimsaidia Carl Meinhof katika ufundishaji wa Kiswahili. Baadaye akaishi kwa kutoa mihadhara ya kuzunguka kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927. Ilipofika 1981, toleo la Kiingereza lililoandaliwa na J. W. T. Allen likaliweka jina la Mtoro kwenye kichwa cha kitabu chenyewe.

Hizo ndizo nasaha saba. Nilipomaliza kuzisoma, mjukuu wangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo hakuna nasaha."

Alikuwa amesema kweli, na nilimwambia hivyo. Mmoja alipima Jehanamu akapata, mwingine alipima ulimwengu wote akakosa. Mmoja alisubiri miaka 12 na kusubiri kukamlipa; mwingine angesubiri miaka mia, wangekuwa bado wanamwangalia rangi ya ngozi. Wanaofanikiwa huandika vitabu vya kueleza njia waliyopita, nasi tunavinunua, tukidhani njia ndiyo iliyowafikisha. Wengine waliopita njia hiyohiyo wakaanguka hawakuandika kitabu.

Lakini kuna jambo jingine katika masimulizi hayo saba, na ndilo lililonifanya niyaandike badala ya kuyaacha yawe mazungumzo ya barazani. Wote tunawasoma upande wa mwombaji. Tunamhurumia Kant, tunamcheka Schopenhauer, tunasikitika na Mtoro. Hatuwaulizi wale waliokaa upande wa pili wa meza. Wale walioikataa tasnifu isiyoletwa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye kanuni mkononi na kazi nyingi mezani. Ostwald hakuwa mtu mbaya. Pengine barua ya baba Einstein ilifika siku ana barua arobaini. Wale wa Göttingen walikuwa wasomi wakubwa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo, siku ile, mle chumbani, ilionekana sababu ya maana.

Nalijua hilo kwa kuwa nami nimeketi upande ule wa meza.

Baada ya kustaafu serikalini niliombwa kuongoza shule moja ya sekondari ya binafsi. Hatukuwa na mwalimu wa fizikia. Tulitangaza nafasi, wakaja watu wanne katika usaili, siku moja ya masika ya 2011. Tulikuwa wasaili watatu, mimi nikiwa mwenyekiti. Mwombaji wa tatu alichelewa karibu saa nzima. Basi lake lilikuwa limenasa kwenye tope, akatembea kilometa kadhaa, akaingia chumbani viatu vikiwa na tope hadi kwenye kamba, akiacha alama sakafuni. Aliomba radhi mara moja, hakurudia. Tulimwuliza maswali, akajibu vizuri. Tulimpa chaki afundishe kuhusu msuguano. Akaeleza kwa mfano wa basi lililonasa, na mmoja wetu akatikisa kichwa kwa kukubali.

Alipotoka, wenzangu walinitazama, nami nikasema: "Asiyejali viatu vyake, maabara yetu ataijali vipi?" Wakacheka. Mimi nina sifa ya kusema maneno ya kuchekesha, na siku ile nilifurahi kuchekesha. Baada ya kicheko hicho hakuna aliyeurudia mjadala wa mtu yule. Tulimchagua wa nne, aliyevaa tai, ambaye wiki mbili baadaye alitujulisha kuwa amepata mahali pazuri zaidi. Yule wa tatu tulimtafuta kwa simu, haikupatikana. Kidato cha nne walifundishwa fizikia na mwalimu wa hisabati kwa mihula miwili, akisoma ukurasa mmoja mbele yao, na matokeo ya mtihani wa taifa yalikuwa kama yalivyostahili kuwa. Watoto wale ndio waliolipa bei ya mzaha wangu.

Nakumbuka viatu vya kijana yule: vyeusi, vya kamba, kisigino cha kulia kimelika upande. Jina lake silikumbuki. Nimejaribu mara nyingi. Mtu aliyetembea kilometa zile zote katika tope ili aje kufundisha watoto wa watu wengine, nami nilichobakiza kichwani ni kisigino.

Kwa hiyo nasaha yangu ya nane siwapi waombaji. Nawapa wanaoketi nyuma ya meza, na wengi wa wasomaji wa kurasa hizi ni watu wazima ambao leo au kesho wataketi hapo, shuleni, ofisini au hata katika kamati ya harusi. Kabla hujafunga faili la mtu, andika kwa sentensi moja sababu ya kumkataa, kisha uisome kwa sauti mwenyewe, bila wenzako kucheka. Kama sababu hiyo ungeona haya kumwambia yeye usoni, basi siyo sababu. Na ukishakataa, jibu barua. Miaka miwili ya Ijumaa ni mingi kwa mtu anayetembea hadi posta, na naamini leo si michache kwa anayefungua simu yake kila saa.

Nilimsimulia mjukuu wangu habari ya viatu. Hakunihukumu, wala hakunifariji; nilimshukuru kwa yote mawili. Tukaipitia barua yake pamoja. Nilisahihisha maneno mawili, nikamwambia aondoe aya aliyojisifu kwa maneno ya kuazima, abakize ile aliyoeleza jinsi alivyoshinda siku nzima bondeni na wakulima akipima maji ya mvua kwa makopo ya rangi, kwa sababu hapo ndipo alipoonekana yeye mwenyewe. Akaituma usiku uleule. Wiki ya tatu akaitwa kwenye usaili.

Asubuhi ya kuondoka alinijia kuniaga. "Shikamoo babu. Na viatu je?"

"Marahaba. Vipige kiwi," nikamwambia. "Lakini vikipata tope njiani, usirudi. Ingia navyo hivyohivyo. Na ukimkuta huko mzee anayetazama chini badala ya kukutazama usoni, mjibu maswali yake vizuri. Huenda akatazama juu."

Mpaka ninapoandika haya, hawajamjibu. Anaendelea kuomba kwingine, nami nimeanza tena kusubiri barua.